Dawa tatu za kuziba protiasomu: ipi imfae mgonjwa wa mailoma huku Moshi na Arusha

Mgonjwa akishaambiwa ana mailoma, saratani ya zile seli za uboho zinazotengeneza kinga ya mwili, familia hukimbilia simu. Siku mbili tatu baadaye wanakuja dirishani kwangu na majina matatu waliyoyanakili nyuma ya kadi ya kliniki: Velcade, Kyprolis, Ninlaro. Swali huwa lile lile: "Dokta, ipi kali zaidi?" Mimi ni mfamasia hapa Moshi, na jibu langu mara nyingi haliwaridhishi mwanzoni. Huwaambia waulize kwanza ni ipi mgonjwa wao ataweza kuitumia mzunguko hadi mzunguko (yaani awamu ya tiba ya wiki tatu au nne) bila kukatisha, kwa sababu mailoma kwa wengi haiponi moja kwa moja. Hutulizwa, na hutulizwa kwa dawa inayofika mwilini kwa wakati wake.

Kwanza tuelewane zinafanya nini, maana zote tatu, kwa majina ya kitabibu bortezomibu (Velcade), kafilzomibu (Kyprolis) na iksazomibu (Ninlaro), ni ndugu. Kila seli hutengeneza protini muda wote. Zilizoharibika au zilizomaliza kazi hubandikwa alama iitwayo ubikwitini, kisha huingizwa kwenye chombo chenye umbo la pipa, protiasomu, ambako hukatwakatwa vipande vidogo. Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kugundua jinsi alama hiyo inavyozipeleka protini kuvunjwa. Seli ya mailoma hulitegemea pipa hilo kuliko seli nyingine nyingi, kwa kuwa kazi yake ni kumwaga protini za kinga usiku na mchana, na kati yake zimo nyingi zilizokunjwa vibaya. Ukiliziba, ni sawa na jiko la harusi ambamo wapishi wanamenya ndizi za mtori bila kupumzika huku mlango wa kutolea maganda umefungwa kwa nje. Uchafu unajaa mpaka seli inajiua yenyewe. Seli zenye afya nazo zinaguswa, lakini nyingi zinavumilia, na hapo ndipo nafasi ya tiba ilipo.

Waliozitafuta dawa hizi hawakuanza na saratani. Alfred Goldberg wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa akichunguza kwa nini misuli ya mgonjwa huyeyuka, na mwaka 1993 yeye na wenzake walianzisha kampuni ndogo, MyoGenics, wakitaka kuzuia huko kuyeyuka kwa misuli. Kikosi cha mkemia Julian Adams kilitengeneza mwaka 1995 kiungo chenye boroni kilichopewa namba PS-341. Kilipojaribiwa kwa binadamu, ripoti ya mwaka 2002 iliyoongozwa na Robert Orlowski ilionyesha kwamba waliokuwa na mailoma waliitikia, na mmoja wao ugonjwa haukuonekana tena kwenye vipimo. Mei 2003 Marekani iliiruhusu kutumika. Hiyo ndiyo bortezomibu. Huwa naikumbuka historia hii ninapomwona mgonjwa aliyebaki mifupa mitupu akipata nguvu ya kutembea tena.

Bortezomibu

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndiyo mgonjwa wa kwetu atakayoanza nayo mara nyingi, na ndiyo yenye mambo mengi ya kujua.

Inakuja kwenye kichupa kidogo chenye unga mweupe wa miligramu 3.5. Kipimo cha kawaida ni miligramu 1.3 kwa kila mita ya mraba ya mwili, ndiyo maana muuguzi anapima urefu na uzito kabla ya kila kitu. Kwa mwili wa mita za mraba 1.6, kinachohitajika ni kama miligramu 2.1, kichupa kinabaki na zaidi ya theluthi moja. Hospitali yenye kabati safi la kuchanganyia dawa inaweza kuwapanga wagonjwa wa mailoma siku moja ili dawa isimwagwe. Inafaa kuliuliza hilo mapema, kwa heshima, maana linagusa mfuko moja kwa moja.

Zamani ilidungwa kwenye mshipa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 222 uliolinganisha sindano ya mshipa na sindano ya chini ya ngozi. Saratani iliitikia sawasawa, asilimia 42 kila upande baada ya mizunguko minne. Tofauti ilikuwa kwenye mishipa ya fahamu: waliodungwa kwenye mshipa wa damu asilimia 53 walipata ganzi au maumivu ya neva, wa chini ya ngozi asilimia 38. Ya kiwango kikali ilikuwa asilimia 16 kwa 6. Kwa hiyo kama mgonjwa wako anaandikiwa ya mshipa, muulize daktari kwa nini. Kunaweza kuwa na sababu nzuri, lakini sababu iwepo.

Uchanganyaji nao una hatari yake. Kwa sindano ya chini ya ngozi unga huyeyushwa kwa mililita 1.4 za maji ya chumvi. Kwa ya mshipa, mililita 3.5. Unga ni ule ule, ukali wa kimiminika unatofautiana mara mbili na nusu. Mimi huandika njia ya kudunga kwa herufi kubwa kwenye lebo ya kila bomba la sindano, na ningependa kila ndugu anayesindikiza mgonjwa aisome lebo hiyo kwa macho yake. Dawa hii haidungwi kamwe kwenye uti wa mgongo. Ilipofanyika hivyo kwa makosa, wagonjwa walikufa.

Sasa hilo la ganzi. Linaanzia nyayoni: kuchomachoma, kuwaka moto usiku, wengine wanasema wanahisi kama wamevaa soksi wakati wako peku. Wazee wetu huficha. Wanaogopa wakisema watanyimwa dawa, au wanaona aibu kulalamikia vidole wakati wana saratani. Mzee mmoja kutoka Rombo nilimuuliza hali ya miguu akanijibu, "Miguu ni ya uzee tu, mwanangu." Nilipomwomba avue viatu, kiatu kimoja kilikuwa na kokoto ndani na kilikwisha kumchubua bila yeye kujua. Daktari alipunguza kipimo. Ndivyo inavyofanyika: kutoka 1.3 kushuka 1.0, na kutoka hapo 0.7 ikibidi, na wengi hupata nafuu endapo hatua imechukuliwa mapema. Ikichelewa, ganzi inaweza kubaki.

Ndiyo sababu mtu mwenye kisukari cha miaka mingi, mtu anayekunywa mbege au pombe kali kila siku, au aliyewahi kutumia stavudini enzi zile za dawa za mwanzo za virusi vya UKIMWI, lazima alitaje hilo kabla ya sindano ya kwanza. Neva zake huenda zimekwishaumia.

Njia nyingine ya kuzilinda ni kudunga mara moja kwa wiki badala ya mara mbili. Ratiba ya asili ni siku ya 1, 4, 8 na 11 ndani ya mzunguko wa siku 21. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2010 kwamba kudunga kila wiki kulishusha neva zilizoumia vikali kutoka asilimia 28 hadi 8, na matokeo ya tiba hayakupungua. Kwa mtu anayepanda gari Tarakea alfajiri, au anayetoka Karatu kuja Arusha, ratiba ya mara moja kwa wiki inapunguza nauli na kuongeza uwezekano wa kufika kila mara. Kwangu hilo lina uzito kuliko asilimia yoyote iliyomo kwenye majarida.

Mengine ya bortezomibu kwa kifupi. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hushuka katikati ya mzunguko na kupanda tena, kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kudunga. Kufunga choo ni kawaida. Mkanda wa jeshi huwapata wengi wasipokingwa, na kinga yake ni vidonge vya asiklovia, dawa rahisi ya kupatikana. Mgonjwa akipewa bortezomibu bila asiklovia, ulizeni. Vitamini C ya vidonge vikubwa na vidonge vya majani ya chai ya kijani viachwe: mwaka 2009 watafiti wa California walionyesha kuwa kiungo kilichomo kwenye chai ya kijani hujishika na boroni ya dawa na kuifanya isifanye kazi. Chai ya rangi ya nyumbani siyo ninayoisemea. Nasemea vile vikopo vinavyouzwa kama "vya kusafisha mwili", ambavyo ndugu hununua kwa upendo wakidhani wanasaidia.

Faida moja kubwa naiweka mwisho. Mailoma huharibu figo, na wagonjwa wetu wengi hufika figo zikiwa zimechoka, baada ya muda mrefu wa kutibiwa mgongo kwa dawa za maumivu za dukani ambazo nazo huziumiza. Bortezomibu haihitaji kupunguzwa kwa sababu ya figo. Inaanza mara moja, na mara nyingine figo zenyewe hupata ahueni mzigo wa protini ukishuka. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Kafilzomibu na iksazomibu hazikuingizwa. Na kwa kuwa sasa inatengenezwa na viwanda vingi, vya India vikiwamo, bei yake imeshuka mbali na ilikoanzia.

Kafilzomibu

Hii ilizaliwa kutokana na epoksomisini, kiungo kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni, kilichofanyiwa kazi na Craig Crews wa Chuo Kikuu cha Yale. Marekani iliiruhusu Julai 2012. Tofauti yake kubwa: bortezomibu huziba protiasomu kisha huachia, kafilzomibu ikishika haiachii. Seli hulazimika kutengeneza protiasomu mpya.

Wanaouliza ipi kali zaidi hapa ndipo wanapopata jibu lao, lakini walisome lote. Utafiti wa ENDEAVOR uliwachukua wagonjwa 929 ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia. Waliopewa kafilzomibu na deksamethasoni (dawa ya aina ya steroidi) walikaa miezi 18.7 kabla ugonjwa haujaendelea, wa bortezomibu na deksamethasoni miezi 9.4. Waliishi pia muda mrefu zaidi, miezi 47.6 kwa 40. Na ganzi ilikuwa ndogo sana. Ni tofauti kubwa, sitaipunguza.

Hao lakini walikuwa watu ambao ugonjwa umewarudia. Kwa wanaoanza tiba, utafiti wa ENDURANCE uliotolewa mwaka 2020, wenye wagonjwa 1,087, uliziweka dawa hizo mbili kila moja pamoja na lenalidomaidi (dawa nyingine ya mailoma, nitaieleza mbele) na deksamethasoni. Muda wa kukaa bila ugonjwa kuendelea ulikuwa miezi 34.6 kwa kafilzomibu na 34.4 kwa bortezomibu. Sawasawa. Kwa mgonjwa mpya, basi, kuuza ng'ombe wa pili ili kupata kafilzomibu hakumpi kitu ambacho bortezomibu haikumpa, isipokuwa kama neva zake zimekwishaharibika.

Gharama yake mwilini iko kwenye moyo. Presha hupanda, pumzi hukata, na wengine moyo hushindwa kusukuma. Mgonjwa wa miaka 65 mwenye presha anayokunywa dawa zake siku anazojisikia vibaya tu, na hao tunao wengi, hapaswi kuanzishwa kafilzomibu kabla presha haijatulizwa na moyo kupimwa kwa altrasaundi. Tena ni ya dripu peke yake. Ratiba ya kawaida ni siku mbili mfululizo kila wiki kwa wiki tatu, kisha wiki ya kupumzika. Kwa mtu wa Soweto au Shanty Town hapa Moshi inawezekana. Kwa mtu wa Same au Loliondo ina maana ya kulala mjini kila wiki, kwa ndugu au gesti. Kuna ratiba ya mara moja kwa wiki kwa kipimo kikubwa zaidi, iliyojaribiwa kwenye utafiti wa A.R.R.O.W. mwaka 2018 na kufanya vizuri kuliko ya mara mbili yenye kipimo kidogo. Ulizeni kama kituo chenu kinaitumia.

Na vichupa vyake vinakaa kwenye friji. Ukinunua nje ya hospitali, muulize muuzaji imesafirije kutoka Dar es Salaam hadi kwake. Akisitasita, ondoka.

Iksazomibu

Ndiyo ya kwanza ya kumeza, iliruhusiwa Marekani Novemba 2015. Kapsuli moja ya miligramu 4 mara moja kwa wiki, wiki tatu, wiki ya nne mapumziko. Inamezwa tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Kwa masikio ya mtu wa mbali ni habari njema kupita kiasi, na wengi huipenda kwa sababu hiyo tu.

Naipa nafasi ndogo zaidi. Kwenye utafiti wake mkuu, wa wagonjwa 722, ilitumika juu ya lenalidomaidi na deksamethasoni, na muda wa kukaa bila ugonjwa kuendelea ulipanda kutoka miezi 14.7 hadi 20.6. Lakini walipofuatiliwa kwa miaka, tofauti ya urefu wa maisha haikuthibitika. Huleta vipele, kuharisha na kushusha chembe sahani. Figo zikiwa mbaya sana kipimo hushushwa hadi miligramu 3. Na kwa kuwa inategemea lenalidomaidi, familia inabeba bei za dawa mbili ghali kwa pamoja. Anayeifaa kweli ni mgonjwa ambaye ugonjwa umerudi, anaishi mbali, hana mtu wa kumsindikiza, na ana bima au mfadhili anayelipa zote mbili. Kipimo cha damu hakiepukiki hata hapa. Kapsuli haimwondolei mtu kliniki.

Njia ya pili: kuvunja kwa makusudi

Kuna jambo linalonivutia sana kwenye ugonjwa huu. Dawa tatu za juu zinazuia protini zisivunjwe. Thalidomaidi na dada yake lenalidomaidi zinafanya kinyume: zinaishika protini iitwayo sereblonii na kuielekeza ibandike alama kwenye protini mbili ambazo seli ya mailoma haiwezi kuishi bila hizo, Ikaros na Aiolos, nazo zinapelekwa kuvunjwa. Sereblonii ilitambuliwa mwaka 2010, na hizo protini mbili mwaka 2014, miaka mingi baada ya dawa zenyewe kuanza kutumika. Thalidomaidi iliondolewa madukani mwaka 1961 baada ya watoto wengi kuzaliwa bila mikono au miguu, ikarudi kwa ajili ya ukoma, na mwaka 1999 watafiti wa Arkansas waliripoti kuwa karibu theluthi moja ya wagonjwa 84 wa mailoma waliokuwa wamekwama iliwasaidia.

Mtu angedhani dawa inayozuia kuvunja na dawa inayoamuru kuvunja zitagombana. Hazigombani, kwa pamoja hufanya vizuri kuliko kila moja peke yake. Hivyo chaguo la familia mara nyingi ni la mchanganyiko: bortezomibu na deksamethasoni, kisha ya tatu iwe thalidomaidi, lenalidomaidi au saiklofosfamaidi, dawa ya kemotherapia. Thalidomaidi nayo huleta ganzi, kwa hiyo ikiunganishwa na bortezomibu neva zinapigwa pande mbili. Figo zikiwa mbovu lenalidomaidi hupunguzwa. Saiklofosfamaidi ni ya zamani, ya bei nafuu, na haisumbui neva. Kwa mgonjwa wa kwetu anayelipa mwenyewe, mchanganyiko wa bortezomibu, saiklofosfamaidi na deksamethasoni ndio ninaouona wa maana zaidi kuuanzia mazungumzo na daktari. Mwanamke anayeweza kushika mimba asiguse thalidomaidi wala lenalidomaidi bila kinga ya uhakika, na vidonge vilivyobaki visigawiwe jirani.

Kwa saratani nyingine

Kanda yetu ina saratani ya koo la chakula kwa wingi, na ndugu huuliza kama dawa hizi zingefaa. Hapana. Zimejaribiwa kwa uvimbe wa aina nyingi na hazikufaulu. Nje ya mailoma, bortezomibu imethibitika zaidi kwenye aina moja ya limfoma (saratani ya tezi), ile ya mantle, tangu mwaka 2006. Hata marizomibu, iliyotokana na bakteria wa baharini na iliyokuwa na matumaini kwa saratani ya ubongo, haikurefusha maisha kwenye jaribio kubwa. Utafiti unaendelea kwenye hatua nyingine za mnyororo huo wa kuvunja protini, lakini hakuna cha kuuzia shamba kwa sasa.

Ya kufanya wiki hii

Mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha, upungufu wa damu na figo zinazoshuka, apimwe protini za damu na za mkojo kabla ya kuendelea na dawa za TB ya mgongo au diklofenaki. Akithibitika, rufaa ya kanda ya kaskazini inaelekea hospitali ya KCMC hapa Moshi, na wengine hupelekwa taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Siku ya kukaa na daktari, pelekeni karatasi yenye mambo manne: kiwango cha figo, presha ya wiki mbili iliyopimwa nyumbani au zahanati, hali ya miguu, na umbali wa nyumbani kwa saa za gari. Kwa hayo manne daktari ataona haraka kama ni bortezomibu ya kila wiki, au kuna sababu ya kufikiria nyingine.

Bei msiulize ya kichupa. Ulizeni ya mzunguko mzima pamoja na vipimo, kisha zidisheni kwa idadi ya mizunguko daktari aliyoitaja. Mwenye kadi ya bima aende ofisi ya bima na jina la dawa lilivyoandikwa na daktari, apate jibu la maandishi kabla ya sindano ya kwanza. Na dawa yoyote inayonunuliwa nje, iwe imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, yenye boksi lake, namba ya toleo na risiti. Risiti itunzwe pamoja na boksi mpaka mzunguko uishe, ili mgonjwa akidhurika ijulikane alidungwa nini.